Ndege Njema na Ndege Mbaya

Ndugu zetu wasomaji, lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye maana mbili, nasi twalitumia kila siku wala hatulifikiri. Neno hilo ni ndege. Maana yake ya kwanza ni kiumbe arukaye kwa mbawa. Maana yake ya pili, ambayo wazee wetu wakiitumia sana, ni fali. Mtu akitoka nyumbani kwake asubuhi akakutana na jambo la kumfurahisha, husema amepata ndege njema. Na akikutana na la kumchukiza, husema hiyo ni ndege mbaya. Kiumbe husemwa kuwa ni mwema, na fali husemwa kuwa ni njema. Sarufi imewatenga, walakini nyoyo zetu zimewachanganya.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na mazoea ya tiyara, na neno hilo limetoka katika tayr, yaani ndege. Mmoja wao alipotaka kusafiri alimtimua ndege: akiruka upande wa kuume, husafiri, akiruka upande wa kushoto, hurejea nyumbani kwake. Wayunani wa kale nao neno lao la ndege lilikuwa pia ni neno la fali. Na Warumi waliweka watu maalumu katika dola yao, ambao kazi yao ilikuwa kutazama ndege kabla ya kuamuliwa mambo makubwa ya vita na ya serikali. Mataifa haya yalikhitalifiana katika dini, lugha na makazi, walakini yote yaliinua macho kumtazama ndege, na badala ya kumwona ndege yakajiona yenyewe.

Basi maswali yetu ya leo ni mawili. La kwanza: ni ipi tafauti baina ya kumtazama ndege na kumtazamia? La pili, nalo ni zito zaidi: mtu aliyekulia ndani ya hofu hii, kisha akasoma akajua kuwa haina msingi, na pamoja na hayo hofu ikabaki kifuani mwake, afanyeje nayo?

Maswali haya hayakunijia kitabuni. Yalinijia njiani, mvuani, kando ya mto, mbali na pwani yetu.

Nilikuwa nimekwenda Magunga, mji mdogo wa nchi ya Gwassi katika kaunti ya Homa Bay, karibu na Ziwa Victoria, kumzuru mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafanya biashara ya samaki huko. Ilikuwa ni masika. Jirani yake mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ni mtu mwenye desturi ya kutembea kando ya mto kila apatapo nafasi, darubini shingoni na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, akaandika kila ndege amwonaye: ni wa aina gani, walikuwa wangapi, wakifanya nini. Nikamwuliza kama mvua haimzuii. Akacheka, akasema, "Sheikh, ndege hawana mahali pengine pa kwenda wakinyeshewa. Nami nikitaka kuwajua, yanipasa niwafuate siku zao zote, si siku zangu nzuri tu." Neno hilo likanipendeza, nikaazima mwavuli, nikafuatana naye.

Tukashuka kwa njia ya ng'ombe mpaka mtoni. Mvua ilikuwa ya rasharasha, na maji yalikuwa na rangi ya udongo. Akanionesha mdiria mweusi na mweupe, ambaye husimama hewani pahala pamoja akipiga mbawa, shingo imeinama, kisha hujitupa majini kama jiwe. Akanionesha yangeyange waliokuwa wakifuata miguu ya ng'ombe, wakiokota panzi waliotimuliwa na kwato. Akanisimamisha chini ya mti ulioinamia maji, umejaa viota vya kwera, akanieleza kuwa dume ndiye asukaye kiota kwa majani mabichi, jike akaja kukikagua. Akikikataa, dume hukibomoa akaanza upya. Nikamwambia kuwa mahari ya namna hiyo ingewashinda vijana wetu wengi. Akacheka sana.

Akanieleza pia khabari za mbayuwayu wa buluu, ambaye sikuwa nimepata kumsikia. Ndege huyu huzaa katika majani ya nyanda za juu za kusini, tangu Tanzania, Malawi na Zambia mpaka Afrika ya Kusini. Kiisha kuzaa, mnamo mwezi wa Aprili, husafiri kuja pande zetu za Uganda na magharibi ya Kenya, akakaa hadi karibu na Septemba, kisha akarejea. Katika Kenya mahali pake pajulikanapo zaidi ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, si mbali na Magunga. Mahali hapo palitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka wa 1966, pakawa mbuga ya taifa mwaka wa 1983, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 120. Ndege huyu hazidi uzito wa barua, na idadi yake inapungua, kwani majani anayozalia yamelimwa na kupandwa miti ya biashara. Nikawaza moyoni: kiumbe huyu hukata nchi baada ya nchi bila ya hati wala nauli, na sisi hatujui hata jina lake.

Tulipokuwa katika mazungumzo hayo, ndege mmoja wa rangi ya kahawia, mkubwa kiasi cha kuku mdogo, mwenye kishungi kilicholala nyuma hata kichwa chake kikafanana na nyundo, akatoka majanini upande wetu wa kushoto, akakata njia mbele yetu, akalia sauti kali. Na mimi, ambaye nimesomesha miaka mingi na kukhutubia watu juu ya mambo ya tiyara, mguu wangu ukasimama. Kifua kikanibana. Haikuwa fikra, ilikuwa ni kitu kilichotangulia fikra.

Mwalimu akaniuliza, "Mbona umesimama, Sheikh?"

Nikamwuliza yule ni ndege gani. Akasema, "Huyo ndiye msingwe, wengine humwita fundichuma. Anatafuta chura tu."

Ndugu msomaji, ili uelewe kwa nini mguu wangu ulisimama, yanilazimu nikuhadithie jambo ambalo sijapata kuliandika. Nilipokuwa kijana nikisoma Lamu, nililetewa khabari kuwa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, ni mgonjwa sana Mombasa na ananiulizia. Nikafunga mzigo wangu usiku, niondoke kabla ya alfajiri kuwahi mashua ya Mokowe, nikapande basi. Nilipofungua mlango, bundi akalia juu ya mkwaju uliokuwa mbele ya nyumba. Mama wa nyumba ile, ambaye alinipenda kama mwanawe, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hii ndege mbaya. Usiondoke na uchuro huu, ngoja kesho." Nami wakati ule nilikuwa nimekwisha soma hadithi zinazokataza jambo hilo, na ningeweza kumsomea kwa isnadi zake. Nikatua mzigo wangu chini. Nikangoja kesho.

Nilipofika Mombasa, watu walikuwa wakirejea makaburini.

Na walioambiwa kisa changu walisema, "Unaona? Bundi alisema kweli." Miaka mingi nilinyamaza kwa neno hilo, kwani sikujua la kulijibu. Nilipokuwa nimesimama pale mtoni Magunga, mvua ikinidondokea, ndipo nilipoliona jibu lake. Bundi hakuniondolea bibi yangu. Ajali yake ilikuwa imeandikwa kabla bundi huyo hajaanguliwa. Nilichokikosa ni kuushika mkono wake naye yuhai, na hicho sikukikosa kwa kuwa bundi alilia. Nilikikosa kwa kuwa nilirejea. Uchuro haukunipata kutoka mtini. Niliufanya mwenyewe kwa mikono yangu, nilipotua ule mzigo. Na hivi ndivyo fali mbaya inavyopata ushahidi wake: humtisha mtu akaacha la kheri, kisha hasara ya kuacha ikahisabiwa kuwa ni ukweli wa fali.

Sasa natuangalie wanavyuoni wetu walivyolieleza jambo hili. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha tiyara, akamkanusha pamoja nayo yule aliyeitwa hama. Na hama, kwa tafsiri mashuhuri, ni bundi, ambaye Waarabu walidai kuwa ni roho ya mtu aliyeuawa, hulia juu ya kaburi mpaka alipiwe kisasi. Basi khofu ya bundi si jambo jipya lililozuka pwani. Ilikuwapo Bara Arabu, nayo ilikataliwa waziwazi. Na imepokewa kuwa watu walikuwa wameketi na Ibn Abbas, ndege akapita akilia, mmoja wao akatamka kheri. Ibn Abbas akamjibu kuwa kwa ndege huyo hakuna kheri wala shari.

Lakini lililo kubwa zaidi katika mlango huu, kwa maoni yangu, ni khabari ya kufa kwa Ibrahim, mtoto mchanga wa Bwana Mtume, huko Madina mwaka wa 10 wa Hijra, sawa na 632. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Hebu mfikirie baba aliyetoka kumzika mwanawe, naye aambiwa kuwa mbingu zenyewe zimevaa msiba wake. Ni nani angekataa taazia kama hiyo? Yeye aliikataa, akawafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Ikiwa jua halikutiwa giza kwa ajili ya mwana wa Mtume, je, bundi ataacha kuwinda panya wake aje kutangaza mambo ya mimi na wewe?

Hapa ndipo ilipo siri ya tiyara. Kwa nje ni khofu, lakini kwa ndani ni kibri. Mtu asemapo kuwa ndege amelia kwa ajili yake, amejifanya kuwa yeye ndiye kituo cha viumbe vyote. Qur'ani, kwa maana yake, yatufunza kinyume cha hayo katika sura ya al-An'aam: kwamba ndege nao ni umma kama tulivyo sisi umma. Na umma una shughuli zake. Una riziki ya kutafuta, watoto wa kulea, safari za kusafiri. Msingwe aliyekata njia yetu hakuwa akitujia sisi. Sisi ndio tuliokuwa tukipita katika njia yake.

Ama swali la pili, la khofu inayobaki kifuani, jibu lake ni la rehema. Sahaba mmoja, Muawiya bin al-Hakam, alimweleza Bwana Mtume kuwa kuna watu kwao watazamiao ndege, naye akamjibu kwa maana ya kwamba hicho ni kitu wakionacho katika vifua vyao, basi kisiwazuie. Hakuambiwa kuwa kifua hakitatikisika. Aliambiwa kuwa mguu usirudi. Kifua si chetu kukiamuru kila mara. Mguu ni wetu. Lau kama ningalifahamu hivyo alfajiri ile Lamu, ningalitetemeka na ningalikwenda.

Huenda akatokea msemaji akasema: mbona alama ziko? Twasema sisi wenyewe kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Jibu ni kuwa mawingu ndiyo yabebayo mvua. Hapo pana sababu na kinachosababishwa. Ndege wakikusanyika baada ya mvua, ni kwa kuwa kumbikumbi wametoka ardhini. Yule mbayuwayu wa buluu akionekana Ruma mwezi wa Aprili, ni kwa kuwa msimu wake wa kuzaa kusini umekwisha. Alama hizi hujulikana kwa kutazama, na kila atazamaye huziona sawasawa. Ama baina ya sauti ya bundi na ugonjwa wa jirani, mtu atuoneshe uzi unaoviunga, nasi tutausadiki.

Na siku ileile tulipata mfano wake. Tuliporejea, tulikuta kivuko tulichopita asubuhi kimebadilika: maji yamepanda, yamekuwa mekundu, na vijiti na majani vyashuka kwa kasi. Mwalimu akasema, "Mvua kubwa imenyesha milimani, Sheikh. Hapa hatuvuki sasa." Tukarudi nyuma tukazunguka njia ndefu, tukafika magharibi tumelowa. Siku moja nimesimamishwa mara mbili, na kusimama kwangu si kumoja. Kwa ndege kulikuwa ni ujinga, na kwa mto kulikuwa ni akili. Kumtegemea Mwenyezi Mungu si kuyaingia mafuriko. Ni kutoogopa kisichodhuru, na kujihadhari na kidhuru.

Msemaji wa pili atasema, na hoja yake ina uzito: khofu hii ina faida, kwani katika nchi nyingi za Afrika msingwe haguswi wala kiota chake hakivunjwi, kwa kuogopwa mikosi. Ukiiondoa khofu, hutamwondoa na ndege? Nami nilikiona kiota hicho katika panda ya mti: maelfu ya vijiti na udongo, upana wake wapata kuzidi mita moja na nusu, na paa lake husemwa kuwa laweza kuchukua uzito wa mtu. Ni kazi ya ndege wawili. Na wakikihama, mara nyingine huingia bundi akazaa humo. Lakini angalia: khofu ileile inayomhifadhi msingwe ndiyo inayomuua bundi kwa mawe. Ngao ya ujinga haina uaminifu. Leo hulinda, kesho huua. Ulinzi ulio imara ni ule aliotufundisha Bwana Mtume safarini, masahaba zake walipochukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika, naye akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuwatisha kwa mikosi. Aliwaonesha uchungu wa mama.

Wa tatu atasema: kutazama ndege ni mchezo, haumfai mtu mzima. Huyu na asome sura ya al-Mulk, aone vipi waja wanavyolaumiwa kwa kutowatazama ndege walio juu yao, wakunjuao na kukunja mbawa. Na akumbuke kuwa al-Jahiz wa Basra, aliyekufa mwaka wa 869, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama. Na baada yake Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, faqihi wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyekufa mwaka wa 1405, akaandika chake, akawapanga wanyama kwa herufi. Ndani yake mna elimu na mna hekaya pia, lakini faqihi huyo hakuona aibu kuuliza ndege huyu ni nani na anaishi vipi.

Nasi watu wa miji ya pwani tujitazame. Bundi, ambaye usiku kucha hutulia panya, twamrushia mawe. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka, kisha akaenea mpaka Mombasa na kwingineko, akila mayai na makinda ya ndege wetu wadogo, huyo twamlisha kila siku kwa taka tuzimwagazo vichochoroni. Na katika msitu wa Arabuko-Sokoke, mwendo mfupi kutoka Malindi, yuko bundi mdogo asiyefika shibiri moja kwa urefu, ambaye wataalamu walimjua kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960. Duniani kote hapatikani ila katika misitu ya pwani yetu ya Kenya na chini ya milima ya Usambara ya Mashariki. Watu husafiri bahari na bahari kuja kumwona. Ni wangapi miongoni mwetu waliopata hata kulisikia jina lake?

Basi nasaha yangu ni hii. Ukimsikia bundi usiku, na kifua chako kikabana, usijilaumu. Lakini usimwamshe mgonjwa kwa khabari hiyo, wala usiahirishe safari, wala usiokote jiwe. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mpeleke kwa tabibu. Asubuhi uwaoneshe wanao mahali ndege huyo alipolala, na uwafunze jina lake na chakula chake. Mtoto amjuaye bundi kwa mdomo wake na makucha yake na panya wake, hatakuwa na nafasi moyoni ya kumweka yule bundi mwingine tuliyerithishwa sisi, asiye na manyoya wala mifupa.

Na ikiwa umeitwa na mzazi wako mgonjwa, nenda usiku huohuo. Alie atakayelia.

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yangu na wazee wetu wote, naye ndiye ajuaye zaidi.